Msosi wa Kigujarati wa nyumbani: yanayosemwa na yalivyo

Vijana wengi wa Kigujarati sa hivi wanataka kuokoa mapishi ya bibi zao yasipotee, jambo zuri sana, ila kuna maneno yanazunguka huko yanahitaji kunyooshwa.

Eti chakula chao chote ni sukari. Dal (mchuzi wa dengu) ya Surat au Ahmedabad, miji ya jimbo la Gujarat, India, inatiwa sukari guru kidogo, kweli, ya kuvunja ukali wa ukwaju au ndimu. Sasa nenda Kathiawad, rasi ya magharibi mwa Gujarat, uletewe rotlo, mkate mzito wa mawele unaotandazwa kwa viganja, na biringanya lililochomwa motoni likapondwa na kitunguu saumu na pilipili mpaka pua ikuchuruzike. Sukari guru ipo, pembeni ya sahani na samli, ni chakula cha msimu wa baridi hicho.

Eti wote hawali nyama. Wengi hawali. Makhoja na Mabohora, ambao ni Waislamu wa Kigujarati, na wavuvi wa pwani ya kule wanakula, na kuku paka tunayojivunia huku pwani, ile ya nazi, inasemekana imetoka majikoni mwa Makhoja, so hiyo tuiache.

Eti ukishaandika resipe umeshahifadhi. Hapa ndo nakataa kabisa. Chukua chhundo, ile achari tamu ya embe bichi: resipe itakwambia embe, sukari, chumvi, manjano, pilipili, basi. Kazi yenyewe ni jua. Embe linakunwa, linachanganywa na sukari, sufuria inafungwa kitambaa chepesi inaanikwa juani, jioni inaingizwa ndani inakorogwa, kesho tena, kesho kutwa tena, mpaka shira ukiibana kati ya kidole gumba na cha shahada inavuta uzi mmoja. Ukiitoa kabla ya huo uzi inaota ukungu, ukizidisha inakuwa ngumu kama peremende. Ndo maana wanaifanya karibu na Mei, joto la Gujarat likivuka nyuzi 40 na mvua za Juni hazijafika. Huo uzi utaujua vipi kama hujawahi kukaa karibu na mtu anayeujua?

Eti undhiyu ni mchuzi wa mboga tu, pika mwezi wowote. Undhiyu ya Surat inaliwa sikukuu ya Uttarayan, 14 Januari, watu wako juu ya mapaa wanarusha tiara, kwa sababu wakati huo maharage ya papdi, viazi vikuu vya zambarau, uwatu na kitunguu saumu kibichi na majani yake vyote viko shambani kwa pamoja. Ya kienyeji unapanga mboga kwenye chungu, unaziba mdomo kwa majani, unakipindua kichwa chini, moto unawashwa juu na pembeni. Ukiipika Julai kule, jua unapika friza.

La mwisho, na hili ni la Wagujarati wetu wa Dar na Mombasa: eti kula kwa msimu ni kufuata kalenda ya kule. Bana, embe zetu zinajaa Desemba. Mbaazi mbichi, ambazo Gujarat wanajazia kachori za msimu wa baridi Januari, huku zinaingia sokoni katikati ya mwaka, afu mtu anazipita sokoni Julai, anasubiri Januari anunue pakiti iliyoganda kutoka India kwa bei ya kukutoa jasho. Kachori ya mbaazi mbichi Dar ni ya Julai.