Jinzi ya kushonesha: kitambaa chake ni kitu gani hasa

Ukipita Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo ukaulizia kitambaa cha jinzi, utashushiwa majora manne yasiyofanana hata kidogo, na yote utaambiwa ni jinzi. Moja laini kama la kushonea shati. Jingine gumu, ukilikunja linasimama lenyewe kama boksi. La tatu linavutika. La nne buluu yake ni ile ile mbele na nyuma. Muuzaji naye hana wasiwasi: "Dada, hii orijino, haichuji." Hapo ndipo tunapopigwa, maana tunakwenda kwa fundi na kitambaa tusichokijua, kisha suruali ikiharibika tunamlaumu fundi.

Neno jinzi tunalitumia kwa vitu viwili, suruali na kitambaa chake. Kitambaa chenyewe viwandani kinaitwa denimu, nacho ni pamba iliyofumwa kwa namna maalumu. Kila kitambaa cha kufuma kina nyuzi za urefu, yaani mtande, na nyuzi za upana, yaani mshindio. Kwenye denimu mtande hutiwa rangi ya buluu kabla ya kufumwa, mshindio huachwa mweupe. Halafu uzi wa mtande huruka nyuzi tatu za mshindio ndipo uzame chini ya mmoja, na kila uzi jirani husogea hatua moja. Ndiyo maana mbele kunaonekana buluu, nyuma kunaonekana weupe, na ukikazia macho utaona vistari vya mshazari vinapanda kama ngazi.

Kwa hiyo jambo la kwanza dukani ni kugeuza kitambaa. Nyuma pakiwa na rangi sawa na mbele, mara nyingi ulichoshika ni kitambaa cha kadeti. Kadeti nayo hufumwa kwa mshazari, ila hupakwa rangi ikiwa tayari kitambaa. Si kibaya, nina suruali zake mbili za kazini. Ila usikilipie bei ya jinzi, wala usitegemee kipauke kwa ule urembo wa jinzi. Ziko pia jinzi nyeusi tii ambazo mshindio wake nao umetiwa rangi, kwa hizo usiishie kwenye kugeuza.

Chomoa uzi. Kwenye ncha ya jora, pale palipokatwa na mkasi, vuta uzi mmoja wa buluu, ukate, kisha utazame kati. Uzi wa jinzi ya nili, yaani ile buluu ya jinzi tuliyoizoea, ni buluu pembeni na katikati una weupe, kama muhogo uliomenywa nusu. Rangi ya nili haizami hadi moyoni mwa uzi, inakaa juu juu. Kila unapokaa, unapochuchumaa, unapofua, ile ngozi ya buluu inasuguka na weupe unajitokeza. Mapaja yanapauka, nyuma ya magoti panachora mistari. Kwa hiyo muuzaji anayekuapia kwamba jinzi yake ya nili haichuji, ama hajui anachouza au anadhani wewe hujui unachonunua. Jinzi nzuri huchuja, tofauti ni kiasi. Sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowana: ikiacha kivuli cha buluu, sawa. Ikiacha mkono mzima umekuwa kama wa mpaka rangi, hiyo haikusuuzwa vizuri kiwandani.

Sasa uzito, ambao kwangu ndio wenye maana kuliko yote, na ndio ambao wauzaji wetu hawautaji. Denimu duniani hupimwa kwa wakia katika yadi moja ya mraba. Wakia moja ni kama gramu 28. Chini ya wakia 10 ni nyepesi, ya kushonea shati, gauni au sketi ya mtoto. Kati ya 10 na 12 unapata suruali ya kuvaa mchana wa Dar bila kuoga jasho. Kuanzia 14 kwenda juu ni nguo ya bodaboda na mafundi gereji, au ya mtu anayeishi kwenye baridi ya Makete.

Dukani hakuna lebo ya wakia, lakini mizani zimejaa mjini. Majora mengi yana upana wa mita moja na nusu. Ukikatiwa mita mbili, una mita tatu za mraba mkononi. Zikiwa za wakia 10, zitakuwa na uzito wa kilo moja na gramu chache. Wakia 12 ni kilo moja na robo hivi, wakia 8 ni gramu 800 na kidogo. Mimi huwa naomba mizani kwa muuza maharage wa jirani, anacheka, ananipimia. Kama hutaki kuchekwa, shika kitambaa mkono mmoja na pakiti ya kilo ya sukari mkono mwingine. Mita mbili zikiwa nyepesi kuliko sukari, hiyo ni jinzi ya shati, hata kama muuzaji anaipiga makofi na kusema "nzito hii!"

Wala ugumu usikudanganye ukadhani ni uzito. Kitambaa chepesi hutiwa wanga kikakakamaa vizuri tu. Kikunje kona, uisugue kwa nguvu kati ya vidole, kisha ufungue. Kama kuna unga mweupe na pale uliposugua pamelegea kama leso, wanga wote utabaki kwenye beseni siku ya kwanza ya kufua.

Beseni hilo ndilo lililonifundisha adabu. Jinzi yangu ya kwanza ya kushonesha ilikuwa buluu iliyokolea, kiuno kimekaa, hipsi zimekaa, urefu sentimita 104, unafika juu ya kiatu. Nikaifua mara mbili tu. Ikapanda sentimita sita, vifundo vikawa nje, na mshono wa pembeni wa mguu wa kulia ukahama kutoka ubavuni hadi ukakaribia mbele ya goti. Nilikwenda kwa fundi nimefura. Akaitandaza mezani, akaipima, akaniuliza taratibu: "Mama, kitambaa ulikiloweka kabla hujaniletea?" Sikuwa na jibu.

Kitambaa kurudi, yaani kusinyaa kikikutana na maji, ni tabia ya pamba. Nyuzi zimevutwa kwa nguvu kwenye mtambo, zikipata maji zinajirudia urefu wake. Viwanda vinavyojali hukisinyaza kitambaa kwa mvuke na mashine kabla ya kukiuza, utaratibu uliobuniwa na Mmarekani Sanford Cluett, nacho baada ya hapo hurudi kwa asilimia 3 hivi au chini yake. Ambacho hakikupitia huko kinaweza kurudi hata kwa asilimia 10. Kuhama kwa mshono nako kunatokana na ule mshazari, unauvuta mguu upande mmoja kama kamba inayojisokota. Kiwanda hukivuta kitambaa upande wa pili mapema ili kisawazike, na kisipofanya hivyo, mguu wako ndio utakaosawazishwa.

Dawa ni rahisi, ila inakula siku mbili. Loweka kitambaa chote kwenye maji ya moto usiku kucha, kianike bila kukikamua kwa kukisokota, kipige pasi, ndipo ukipeleke. Kama wataka kujua kimerudi kiasi gani, chora kwa kalamu mraba wa sentimita 20 kabla ya kuloweka, halafu upime. Ukipungua sentimita moja, hiyo ni asilimia 5, na kwenye suruali ya mita moja ni sentimita tano za mguu. Kwa sababu hiyo hiyo usinunue kwa kubana. Mtu wa wastani anatoshwa na mita moja na nusu. Mwenye hipsi kama zangu, au anayetaka bwanga, ile ya miguu mipana, achukue mbili.

Kuhusu zile zinazovutika sina mengi. Ni pamba iliyochanganywa na nyuzi zinazovutika kama mpira, asilimia 1 hadi 3, kwa kawaida kwenye mshindio. Pima sentimita 10 kwa upana, vuta hadi 12, achia. Ikirudi pale pale, nunua. Ikibaki na tumbo, basi magoti yatatoka kabla ya saa sita mchana. Kwa modo, ile suruali ya kubana, inafaa, ila pasi ya moto sana huua mpira. Ukishuku kuna poliesta nyingi, washa uzi kwa kiberiti nje ya duka: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Tuje kwa fundi. Kuna wanaodhani jinzi ni kazi ya kiwanda na fundi wa mtaani anaigiza tu, na mambo hayakuanza hivyo. Jinzi tunayoijua ilianzia kwa fundi nguo, Jacob Davis, mhamiaji kutoka Riga aliyekuwa na kibanda cha ushonaji mjini Reno, Nevada. Mwanamke mmoja alimwagiza suruali ya mume wake, mkata kuni, ambayo haitachanika mifuko. Davis akapigilia ribiti, yaani vijimisumari vya kubania, za shaba kwenye pembe za mifuko. Suruali hizo za kwanza zilikuwa za turubai. Zilipogombaniwa akamwandikia Levi Strauss wa San Francisco, aliyekuwa akimuuzia vitambaa, washirikiane kulipia hati ya uvumbuzi, wakaipata tarehe 20 Mei 1873. Fundi na muuza kitambaa, basi. Kariakoo nzima imejaa watu wa namna hiyo.

Tatizo la fundi wetu ni unene. Mishono ya jinzi hulazwa na kushonwa mara mbili, na pale miguu inapokutana na mshono wa nyuma tabaka hujazana hata kufika nane. Cherehani ya Butterfly ya kukanyaga inapita, ila kwa sindano nene, namba 16 au 18, na kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono pole pole. Fundi niliyenaye sasa ana nyundo ndogo chini ya meza. Akifika kwenye makutano hayo anaupiga mshono hadi ulale, ndipo anaupitisha. Nilipoiona ile nyundo nikajua nimefika. Ukikuta fundi anashona jinzi ya wakia 12 kwa sindano ile ile ya vitenge, utasikia mishono ikiruka kabla hujaiona.

Faida ya kushonesha, kwa sisi wenye kiuno chembamba na hipsi pana, iko nyuma. Suruali za dukani zikipita hipsi, kiuno kinaachia mgongoni hadi mkono unaingia. Tazama jinzi yoyote: juu ya mifuko ya nyuma kuna kipande kilichokatwa kama herufi V, mafundi wanakiita yoki. Si pambo. Ndicho kinachokunja suruali ifuate mwili bila kuwekewa vipenseli, ile mikunjo ya kushonwa ya kubania kiuno. Mwambie fundi aizidishe ile V, na akupime kiuno, hipsi, paja, goti, na kina cha kuanzia kiunoni kupita katikati ya miguu hadi mgongoni. Asipopima hicho cha mwisho, mwombe apime. Mpelekee pia suruali inayokukaa vizuri aitazame.

Gharama? Bei za Kariakoo ni mdomo wako. Lakini njia ya bei nafuu kuliko zote haipiti kwenye majora kabisa, inapita Karume kwenye mitumba. Jinzi za watu wanene, saizi 42 na kuendelea, hazigombaniwi na wateja wengi, hivyo hushuka bei. Ile ni denimu iliyokwisha kufuliwa miaka, imerudi ikamaliza kurudi, imechuja ikamaliza kuchuja, na lebo ya ndani inakwambia pamba asilimia ngapi. Fundi anaifumua, anakata upya kwa vipimo vyako, zipu na kifungo anavirudishia vile vile. Angalia tu mapajani kwa ndani kabla ya kulipa. Inua kwenye mwanga, na ukiona upande wa pili kama unachungulia kupitia chandarua, irudishe kwenye lundo.

Siku ya kujaribu, nenda kabla fundi hajapiga ile mishono ya juu ya uzi wa dhahabu, maana kuifumua huacha matundu. Usisimame mbele ya kioo tu: kaa kwenye stuli yake, chuchumaa, panda hatua kama unaingia daladala. Mwambie aache sentimita tano ndani ya pindo, asizikate. Kama kitambaa ni kipya, kifue peke yake mara mbili tatu kwa maji ya baridi, umekigeuza ndani nje. Na wiki ya kwanza, ukienda ugenini ukakaribishwa kwenye kochi jeupe, omba kiti cha plastiki.