Kwa nini Nairobi kwenda New York ni masaa 15 ila kurudi ni 14?

Ile ndege ya moja kwa moja ambayo Kenya Airways waliianzisha Oktoba 2018, ratiba inasema kwenda New York ni kama masaa 15, kurudi Nairobi kama 14. Umbali ni uleule, karibu kilomita 11,800, ndege ni Dreamliner ileile. Sasa lisaa limoja linaenda wapi?

Wengi watakwambia ni kwa sababu dunia inazunguka. Inajizungusha kuelekea mashariki, kwa hiyo ukiruka kwenda magharibi mji unakuja kukupokea. Inaingia akilini, ila ingekuwa hivyo basi kwenda New York ndo kungekuwa kufupi, na ratiba inasema kinyume kabisa. Halafu piga hesabu: kwenye ikweta ardhi inakimbia kama kilomita 1,670 kwa saa, ndege inaenda 900 hivi. Helikopta ikiganda juu ya Nairobi robo saa tu ingejikuta katikati ya Ziwa Victoria, na ndege ya Mombasa isingefika milele maana Mombasa ingekuwa inaikimbia.

Haitokei kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja na dunia. Chukua nzi ndani ya basi la Dar kwenda Morogoro, vioo vimefungwa, basi liko spidi 80 na nzi anatoka kwa dereva mpaka siti ya nyuma na kurudi bila shida yoyote, hewa anayorukia imebebwa na basi. Sasa abiria wa mbele afungue dirisha, upepo uingie uvume kuelekea nyuma. Nzi akienda nyuma anasukumwa, akirudi mbele anahangaika. Spidi ya basi ni ileile, kilichobadilika ni hewa ya humo ndani.

Na huko juu, kama kilomita 10 hivi, huo upepo upo kweli. Unaitwa jeti strimu, unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, siku nyingine unapita kilomita 300 kwa saa. Unatokana na tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha za dunia, na mzunguko wa dunia ndo unaoupinda uelekee mashariki, kwa hiyo mzunguko unahusika, ila si kwa njia tunayodhani. Februari 2020 ndege ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa masaa 4 na dakika 56, spidi yake juu ya ardhi ilipita 1,300! Na haikupita mwendo wa sauti, kwa sababu ndani ya hewa yenyewe ilikuwa inaenda mwendo wake wa kawaida tu.

Lisaa lote lakini usiupe upepo, ratiba inahesabu pia muda wa kutambaa uwanjani. Na jeti strimu iko mbali na ikweta, msaada mkubwa unaupata juu ya Atlantiki, ndo maana Dar na Mwanza kwenda na kurudi hakupishani sana.

Tena usipige hesabu kwa saa za kwenye tiketi. Ukitoka Nairobi saa tano usiku mwezi wa kwanza utashuka New York saa kumi na mbili asubuhi, utaona kama umesafiri masaa 7, kumbe wenzetu kipindi hicho wako nyuma yetu masaa 8.