Je, wajua kwa nini daktari humbonyeza ukucha mtoto mwenye homa kali?

Mtoto akifikishwa hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure, Mwanza, anachemka na amelegea, kuna jambo hufanyika ambalo wazazi wengi hawalitilii maanani. Daktari hushika kidole gumba chake, hubonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, huachia, kisha huhesabu kimoyomoyo akisubiri wekundu urudi. Ukichelewa kupita sekunde 3, hapo wahudumu hawatembei tena, wanakimbia.

Mashine ya presha ipo, lakini kwa mtoto presha huchelewa kusema ukweli. Vijidudu vikishambulia na mwili ukapambana navyo mpaka ukajidhuru wenyewe, hali iitwayo sepsisi, mishipa ya damu hulegea na kuvuja, na misuli ya moyo nayo hudhoofika. Moyo wa mtoto mdogo hauwezi kuongeza sana damu unayosukuma kwa kila pigo, kwa hiyo hukimbilia kuongeza kasi. Kwa mtoto wa miaka 2, mapigo yakipita 160 kwa dakika ni jambo zito, ingawa homa yenyewe pia huyapandisha, ndiyo maana hupimwa tena ikishuka. Mara nyingi mwili hubana pia mishipa ya mikono na miguu ili ubongo na moyo visikose damu. Basi ukucha unachelewa kurudisha wekundu, tumbo linaunguza, nyayo ni baridi, na presha inasomeka nzuri! Ikija kushuka, mtoto yuko pabaya sana.

Sasa suala la dripu. Wazazi wengi hudai mtoto atundikiwe maji haraka, na zamani hata madaktari waliamini hivyo. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Kati ya waliomiminiwa maji mengi kwa haraka, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiomiminiwa walikuwa kama 7. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba wengi wa waliofariki waliuawa na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi, si mapafu kujaa maji. Watoto wa kuharisha hawakuhusishwa. Hao maji wanayahitaji. Lakini huku kwetu Kanda ya Ziwa, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anahitaji kuongezewa damu, na kumjaza maji kunaweza kummaliza.

Ndiyo maana, baada ya antibiotiki, ambayo mwenye mshtuko wa sepsisi (sepsisi iliyofikia kuvuruga mzunguko wa damu) anapaswa kuipata ndani ya saa ya kwanza, nesi hachoki kurudi kitandani. Anabonyeza tena ukucha, anapapasa ini kama limevimba, anahesabu mapigo. Akikuuliza kwa mara ya tano kama mtoto amekojoa, mjibu kwa uhakika: mkojo ukitoka vizuri, figo zinafikiwa na damu.