Kidole kikitangulia sikio

Mwezi uliopita nilisoma maswali kwenye chemshabongo ya shule za sekondari hapa Kampala, Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Nikaanza: "Mganda huyu alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwa kuruka viunzi..." Kitufe kikalia. "John Akii-Bua!" Makofi. Nikamalizia: "...na maji, jijini Tokyo, mwaka 2021." Jibu ni Peruth Chemutai. Akii-Bua ni wa Munich 1972, mita 400 za viunzi, sekunde 47.82. Nikawakata pointi 5. Mwalimu wao akanifuata nje: "Umemtega mtoto wangu!"

Ndiyo, mwalimu, kutega ndiyo kazi. Ila kuna namna mbili za kutega, na kila mtunzi wa maswali lazima achague yake.

Kwenye Jeopardy!, chemshabongo ya televisheni ya Marekani, Alex Trebek, aliyeiongoza tangu 1984 hadi alipofariki 2020, alisoma swali mpaka neno la mwisho. Ndipo mtu aliyekaa pembeni huwasha taa zinazofungua vitufe. Ukiwahi kubonyeza, chako hufungwa kwa robo ya sekunde, na hiyo robo inatosha kukukosesha. University Challenge, chemshabongo ya vyuo vikuu kwenye televisheni ya Uingereza, iliyoanza 1962, inaruhusu kukatiza: ukipata, pointi 10, ukikatiza ukakosea, unapoteza 5. Mimi nimechukua ya Waingereza, kwa sababu ukumbi unachangamka.

Lakini Kiswahili hakikubali sheria hiyo kirahisi. Neno la kuuliza tunapenda kuliweka mkiani: "...yako wilaya gani?", "...aliitwa nani?" Anayekatiza katikati amesikia habari, hajasikia swali. Halafu kuna viambishi, ambavyo ni wambea. Anza na "Lilifunguliwa na Malkia Elizabeth, Jinja, mwaka 1954", na ile "li" imeshatangaza kwamba si kiwanda wala mnara. Mtoto wa Jinja anajibu "bwawa la Owen Falls" kabla hujafika kwenye mwaka. Kwa watu ni kinyume: "alitwaa" haisemi mwanamume wala mwanamke. Ndiyo maana swali la Chemutai lilinogea Kiswahili, na ndiyo maana maswali yaliyotafsiriwa neno kwa neno huwa ama mepesi mno au hayaeleweki.

Kwa hiyo msomaji hatakiwi kusaidia kwa sauti. Mwendo mmoja, pumzi kwenye mkato tu. Waongozaji wenye mbwembwe wananichosha. Trebek alisoma kama mtu anayehesabu chenji.

Usiku ule nikasikiliza rekodi. Baada ya "viunzi" nilipumua. Si sana, nusu sekunde hivi, lakini sauti ilishuka kama sentensi imekwisha, na pale hapakuwa na mkato.

Asubuhi nikampigia mwalimu. Zile 5 nimewarudishia. Zile 10 za swali, hapana.