Mukutano ya komini: yenye batu banaamini na yenye sheria inasema

Hapa Lubumbashi tuko na komini saba, Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe, na tarehe 20 desemba 2023 tulisimama mulongo mu juwa tukachagua bakonseye ba komini, kintu yenye haikukuwa imefanyika hata mara moja toka Katiba ya 2006 itoke. Lakini hata sasa komini ikiita mukutano batu banaenda sawa batoto benye mwalimu ameita, banapiga makofi, banarudia ku nyumba. Inaniuma, ju mingi yenye inatufunga mudomo haiko hata mu sheria.

"Bila sala, mukutano haina nguvu"

Hii njo nasikia sana. Mimi mwenyewe nasali, lakini Katiba, article 1, inasema Kongo ni nchi layiki, maana leta haina dini. Mukatoliki, Mukimbangu, Muislamu, mutu wa eglize ya revey, bote komini ni yabo. Mu article ile ile kuko drapo na wimbo Debout Congolais, sala haimo. Kwa hiyo kuomba mbele ya kuanza ni desturi tu, na vile mukutano inafunguliwa, nani anasema wa kwanza, dakika ngapi, ile bakonseye njo banaipanga mu reglema yabo ya ndani na banaweza kuibadilisha kwa kura. Nilikaa mu mukutano moja, sala tatu, kisha protokole, kisha kusalimia bakubwa moja kwa moja mupaka saa moja na nusu ikapita, na maulizo ya raia ikabakia dakika kumi. Dakika kumi kwa batu zaidi ya mia!

"Kama hujui Kifaransa, nyamaza"

Mu zile dakika kumi mama moja muuza mikate alisimama. Alikuwa amefunga kitansi zake za soko mu ncha ya kitenge, akazifungua pole pole, akaanza kuuliza kwa Kiswahili kama zile makuta zinaenda wapi, ju kanivo ya mbele ya meza yake imejaa taka toka mvua ya kwanza. Mutu wa protokole akamwambia "mama, en français". Akakaa. Sasa, Kifaransa ni luga ya kazi ya leta, ni kweli, lakini article 1 tena inataja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa luga za taifa, na leta inapaswa kuziendelesha bila ubaguzi. Hakuna kwenye imeandikwa kama raia anakatazwa kuuliza mu luga yake.

"Shefu wa kartie anaweza kutuwekea taxe"

Hapana. Sheria ya 7 oktoba 2008 juu ya muji, komini, sekta na sheferi (hizi mbili za mwisho ni za ku bijiji) inasema wazi kama kartie haina utu wa kisheria, ni mukono tu ya leta, na papa shefu anateuliwa. Article 174 ya Katiba inaongeza: impo inawekwa paka na sheria. Kwa hiyo mutu akipita ku parsele na kaye ya shule, anaandika majina na kuomba makuta bila kitansi, muulize kwa heshima, "papa, sheria gani?" Si kumuzarau.

Na burugumestre, mukubwa wa komini, naye si bwana wa bakonseye, sheria inataka bo njo bamuchague. Ile tu.

"Komini haina makuta, Kinshasa inakula yote"

Hapa njo tunapotea zaidi. Kode ya mine yenye ilibadilishwa mu 2018 inagawa redevanse, ni kusema makuta yenye kompani ya mine inalipa, hivi: 50% leta ya juu, 25% provense, 15% muji, komini, sekta ao sheferi yenye mine iko ndani yake, na 10% ya bitukulu byetu, fonds ya kesho. Tena sehemu ya mapato ya taifa yenye provense inapata, 40% yake ni ya miji, komini, sekta na sheferi. Kama yote inafika ni ulizo ingine, na ni ile ulizo yenye inapaswa kuulizwa mu mukutano, mbele ya bakonseye, na karatasi ya bajeti mu mukono.

Yule mama alirudia mu mukutano yenye ilifuata. Akafungua tena kitenge, akauliza kwa Kiswahili, na safari hii konseye moja alisimama pembeni yake akaandika kila neno. Kanivo ingali imejaa.