Kusikia, kuona na hatari ya dimensia

Dimensia ni jina la jumla la magonjwa ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu, uelewa na uwezo wa mtu kujihudumia. Alzheimer ndiyo inayoongoza. Umri huongeza hatari, lakini dimensia si uzee, na ndiyo maana wataalamu hutafuta mambo yanayoweza kurekebishwa mapema.

Mwaka 2024 jopo la jarida la tiba la The Lancet lilitaja mambo hayo 14. Kupungua kwa usikivu kulipewa asilimia 7, na uoni hafifu usiotibiwa, ulioongezwa mwaka huo, asilimia 2. Namba hizi husomwa vibaya sana. Asilimia 7 haisemi kwamba mzee asiyesikia vizuri ana uwezekano wa 7 kwa 100 wa kuugua. Inasema kwamba kama tatizo la usikivu lingeondolewa kwa watu wote, na kama kweli ndilo linalochangia, wagonjwa wapatao 7 katika kila 100 wangeepuka dimensia au wangeipata wakiwa wazee zaidi.

Linachangiaje? Sauti inayofika ikiwa imekatikakatika huulazimisha ubongo kubahatisha, na nguvu hiyo ndiyo ingetumika kukumbuka. Halafu kuna upweke: mzee aliyechoka kuuliza "umesemaje?" huacha kwenda harusini, kisha hata barazani hakai. Kwa macho kuna la ziada. Kisukari na presha huharibu mishipa midogo ya jicho na ya ubongo kwa wakati mmoja, kwa hiyo wakati mwingine uoni hafifu ni ishara ya tatizo, si chanzo chake.

Ushahidi wa tiba si wa kupigia ngoma. Utafiti wa ACHIEVE wa Marekani, uliotangazwa 2023, ulifuatilia wazee 977 kwa miaka 3. Kwa kundi zima, visaidizi vya kusikia havikupunguza kasi ya kudhoofika kwa akili. Kwa waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo, kasi ilipungua kwa asilimia 48. Hata hivyo, kusikia vizuri ni faida tosha yenyewe.

Usikivu wa uzeeni huanza kupotea kwenye sauti nyembamba: s, f, t. Irabu zinabaki. Kwa hiyo "saa", "taa" na "faa" humfikia mzee zikifanana, naye anajibu kisichoulizwa, na familia inasema amechanganyikiwa. Ongea ukimtazama, taratibu, bila kupiga kelele, redio izimwe.

Kabla ya kununua kifaa cha kusikia, masikio yachunguzwe. Nta iliyoziba huondolewa kliniki, na vijiti vya pamba huisukuma ndani zaidi. Kifaa kikipatikana, kianze kuvaliwa chumbani kwa saa chache kwa siku, kisha muda uongezwe wiki hadi wiki. Anayekivaa mara ya kwanza akiwa Kariakoo atakirudisha kabatini siku hiyo hiyo, maana kila honi inamfikia. Kikipiga mluzi, mara nyingi hakijakaa sawa sikioni au kuna nta. Joto la Dar na jasho huviua vifaa hivi haraka: usiku kifutwe, mlango wa betri uachwe wazi, kiwekwe kwenye kopo lenye vidonge vya kunyonya unyevu. Betri ndogo zenye kibandiko huanza kuisha kibandiko kinapotolewa, hata zisipotumika.

Macho yapimwe moja moja, maana jicho zima huficha ubovu wa jenzake. Miwani ya kusomea inayouzwa barabarani husaidia kuona karibu tu. Haigusi mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji, wala presha ya macho, ambayo hula uoni wa pembeni kimyakimya. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka. Hospitali za Muhimbili na CCBRT, Dar es Salaam, hutoa huduma za macho.

Kosa linalojirudia ni kumpima mzee kumbukumbu bila miwani wala kifaa chake. Akishindwa kunakili mchoro au kurudia maneno matano, huenda hakuuona mchoro wala hakuyasikia maneno. Mwambieni daktari mapema kwamba hasikii au haoni vizuri, na mbebe miwani, kifaa na betri ya akiba.