Tenementi ni nini, na watu waliishije mule ndani

Tenementi ni ghorofa iliyogawanywa vijumba vidogo vya kupangisha, familia nyingi mlango kwa mlango, na ukitaka kuielewa vizuri angalia Lower East Side ya New York kuanzia miaka ya 1860. Wajerumani na Waairishi walitangulia, baadae wakaja Waitaliano na Wayahudi wa Ulaya Mashariki.

Watu wanasema wahamiaji walipenda kujazana, sio kweli kabisa, kodi ndo iliwajaza. Kiwanja kilikuwa chembamba, futi 25 kwa 100, mwenye nyumba anajenga karibu kukimaliza chote ili apate wapangaji wengi. Pale 97 Orchard Street, jengo la 1863 ambalo leo ni makumbusho, familia ilipata vyumba vitatu, jumla kama mita 30 za mraba, dirisha la nje chumba kimoja tu, vyoo uani. Na humo humo unakuta wamemkaribisha mtu baki, analala jikoni anachangia hela, ndo kodi inatimia.

Alafu nyumba hiyo hiyo ni kiwanda. Nguo zinaletwa zimeshakatwa, mmoja yuko kwenye cherehani pale dirishani penye mwanga, mwingine anapiga pasi za chuma zinazopashwa moto kwenye jiko lile lile la kupikia, hata kiangazi joto limepamba moto, watoto nao wanashona vifungo, na malipo ni kwa kipande kwa hiyo kazi haina saa ya kuisha, mtu analala pembeni ya rundo la makoti. Kifua kikuu kilipataje kuwaacha?

Sheria ya 1879 ikadai kila chumba kiwe na dirisha, wajenzi wakaacha tundu jembamba la hewa kati ya majengo, watu wakatupa taka humo, likanuka, na moto ukitokea linaupandisha juu. Afadhali ya 1901, hiyo ilitaka majengo mapya yawe na ua wa maana na choo ndani kwa kila familia.

Ila kubanana kule kuliwafanya wajuane, na kodi zilipopanda mwaka 1907 binti mshonaji Pauline Newman na wenzake, wengi wao akina mama, waliandaa mgomo mlango hadi mlango, maelfu ya familia wakagoma kulipa, na baadhi ya wenye nyumba wakashusha kodi.